Nimekusahau, Mwanangu

Jina la Kiraka hakupewa kwa dharau. Mchezaji anayemudu kila nafasi uwanjani huitwa hivyo, na huyu binti hapakuwa na nafasi asiyoicheza: alichora mabango ya vinyozi, alisoma matangazo ya sabuni redioni, alichora picha za vitabu vya watoto, na alitengeneza vikaragosi kwa vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani ya mama yake. Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi, alikujibu, "Ya leo au ya kesho?"

Wazazi wake walihamia nchi hii yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba, Mungu amrehemu, alipata kazi kwenye ghala la mbao. Mama alifungua kibanda cha ushonaji mbele ya nyumba. Lugha ya hapa hakufundishwa na mtu. Aliiokota kwa wateja, neno huku neno kule, pini zikiwa mdomoni. Na binti yake alipoanza shule akawa hajibu tena kwa lugha ya kwao, mama akaona isiwe tabu, akamfuata kwenye lugha ya mtaani.

Katika kuokota huko ndipo maneno mawili yalipomchanganyikia: kusamehe na kusahau. Kiraka akivunja kikombe, akija na uso wa kuomba radhi, mama alimshika kidevu na kumwambia, "Basi, nimekusahau." Mara ya kwanza mtoto aliangua kicheko. Baba akamkonyeza na kumvuta pembeni. "Usimrekebishe," alisema. "Mimi naipenda hivyo hivyo."

Neno likakaa. Humo ndani, kusahauliwa kukawa ndiyo raha kuliko zote.

Kiraka alipoacha chuo cha uhasibu mwaka wa pili ili akachore, mama hakusema naye miezi mitatu. Alimpakulia chakula, akamfulia, akamtazama kama ukuta. Yeye na mumewe hawakuvuka mipaka na begi moja ili mtoto wao akapake rangi picha za mikasi kwenye vibanda vya watu. Halafu asubuhi moja akaingia chumbani kwake na mfuko uliojaa vipande vya vitambaa, vimepangwa kwa rangi, akautua kitandani. "Vya midoli yako," alisema. "Nimekusahau, mwanangu." Kiraka alilia mpaka kwikwi zikamshika. Kazi zake zote zilianzia kwenye mfuko ule.

Sasa huyu Swahiba. Walijuana kwenye kundi la maigizo, Kiraka akitengeneza vikaragosi, mwenzake akiandika na kuongoza. Miaka tisa walikuwa chanda na pete. Mchana mmoja, wakiwa wanabandika nywele za nyuzi kwenye vichwa, Kiraka alimsimulia habari ya lile neno. Swahiba aliweka gundi chini.

"We! Hiyo ni dhahabu."

"Hiyo ni ya nyumbani," Kiraka alimwambia. "Isitoke hapa."

"Imeishia hapa hapa, dada'ngu. Nife."

Hakufa. Alikwenda kuandika.

Mchezo mpya ulihusu familia ya wahamiaji, na Kiraka aliufanyia kazi kwa mikono yote miwili: pazia la nyuma, vikaragosi, hata ngoma za kubadilishia maonyesho. Maneno ya onyesho la mwisho hakuyaona. Swahiba alisema bado anayanyoosha. Mama naye alishona nguo za vikaragosi vyote, na kile cha mama fundi akakitilia mkufu wa shanga za kwake mwenyewe.

Siku ya uzinduzi, saa kumi jioni, mama aliketi safu ya mbele amevaa gauni jipya. Kiraka alikuwa nyuma ya pazia, fimbo za ngoma mkononi, akimchungulia kwenye tundu. Kikaragosi mtoto kilipiga magoti kuomba radhi. Kikaragosi mama kikamshika kidevu.

"Basi! Nimekusahau, mwanangu!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mama naye alicheka, maana aliona watu wamefurahi na shanga zake zinapendeza. Hakuwa ameona cha kuchekesha, alifuata wenzake. Ndipo kikaragosi mtoto kikawageukia watazamaji: "Jamani, mnamsikia? Mama, ni nimekusamehe! Kusahau ni kupotewa kichwani!"

Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Kiraka alimwona mama yake akifunga mdomo polepole na kutazama mikono yake mapajani. Ngoma ilitakiwa kupigwa. Haikupigwa.

"Ulinitolea kiapo," alimwambia Swahiba, pazia liliposhuka.

"Umesikia ukumbi ulivyocheka? Na sikumtaja jina."

"Kikaragosi kimevaa shanga zake!"

"Shanga mlizileta wenyewe." Swahiba alishusha sauti, akamshika bega. "Wewe msanii, bwana. Hadithi nzuri huwezi kuifungia kabatini. Mwambie mama anisamehe." Akatabasamu. "Au anisahau."

Kiraka aliutoa ule mkono begani mwake kama unavyotoa mdudu. Miaka tisa, na mtu anatania. Alikichukua kikaragosi cha mama fundi, akaondoka nacho.

Nyumbani alikuta cherehani inalia. Mama hakuinua uso.

"Yule mwalimu aliyechelewa kuchukua suti yake," mama alisema. "Aliniomba radhi, nikamwambia nimekusahau. Hakurudi tena. Kila siku najiuliza nilimkosea nini."

"Mama..."

"Na jirani aliyemwaga maji kwenye vitambaa. Na mchungaji. Miaka ishirini na nane nawaambia watu nimewasahau." Akasimamisha mguu. "Wewe ulijua. Baba yako alijua. Mkawa mnanicheka humu ndani?"

"Hatukukucheka, mama. Tulikuwa tunalipenda."

"Mkalipenda, mkaniacha nitoke nalo nje." Sauti yake haikupanda. "Halafu ukampelekea mwenzako."

Swahiba alikuwa amemsaliti, ndiyo, na hilo liliuma. Lakini mlango alioingilia Swahiba aliufungua nani? Alipiga magoti kando ya cherehani, kikaragosi bado mkononi.

"Nisamehe, mama."

Mama alimtazama. Hakumshika kidevu. Midomo yake ilisogea kwanza bila sauti, ikijaribu, kisha akalitamka taratibu, silabi moja moja, kama anayesoma ubaoni mbele ya darasa.

"Ni-me-ku-sa-me-he." Akauliza: "Nimesema sawa?"

"Umesema sawa, mama," Kiraka alijibu, na akalia kama siku ile ya mfuko wa vitambaa. Mama alikwishageukia cherehani.