Siku Tuliyoombea Laptopu ya Nafula

Afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wetu wa Komarock, maana wao hutia chumvi, na hadithi hii haihitaji chumvi, ilivyo tu yatosha kunifanya nizunguke nyuma ya ploti nikimwona pasta anakuja.

Binti yangu Nafula yuko kidato cha nne, shule ya kutwa, na anasoma somo la kompyuta, ambalo lina mradi wa mtihani unaotengenezwa kwa miezi mingi na kuonyeshwa mwalimu siku iliyopangwa, usipouonyesha umekwisha. Kwa vile hatukuwa na kompyuta, kila jioni alikuwa akienda mlango wa pili kwa Mama Brayo, fundi wa nguo, mwenye kompyuta ya mezani ya kizamani, na mama wa watu hakuwahi kulalamika, hata chai alikuwa anampa. Aliyelalamika ni mimi. Iliniuma, semeni mnavyotaka, mtu mzima, karani wa stoo, ninayeshinda mbele ya kompyuta kila siku (kuandika magunia yaliyoingia na yaliyotoka, lakini si kompyuta ni kompyuta?), halafu mtoto wangu anasomea kwa jirani.

Basi Jumamosi moja nikatangaza naenda taun kununua laptopu. Nafula akaruka: "Baba, twende wote. Kuna programu lazima iingie ndani, na si kila mashine inaikubali."

Mngekuwa nyinyi mngeenda naye. Mimi niliona aibu kusimama dukani huku mtoto ndiye anayeuliza maswali, nikamjibu, "Wewe, nani alikufundisha kushika mausi ya kompyuta?" Nikaenda zangu peke yangu.

Dukani nilichagua kwa macho. Ilikuwa nyembamba, nyepesi, inang'aa, imetoka ng'ambo ikiwa imetumika kidogo tu. Muuzaji alipoiwasha ikadai nywila, nikauliza mbona hivyo, akasema, "Mzee, ikishika mtandao tu inajifungua yenyewe," na mimi nikatikisa kichwa kama mtaalamu, kwa sababu kuuliza zaidi kungeonyesha kwamba sijui (na kweli sikujua).

Sasa, kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Tumeombea makochi, tumeombea friji, mwaka jana tuliombea hadi tangi la maji. Na kwa bahati ushirika wa nyumbani wa Jumapili ulikuwa zamu yetu, kwa hiyo nikakataza mtu yeyote asiiguse laptopu. Nafula akanisihi aijaribu angalau kidogo, maana siku ya kuonyesha mradi ilikuwa Jumatatu na bado sehemu ya mwisho haijaisha, nikakataa. Akaomba basi aende kwa Mama Brayo, nikakataa hilo pia. Nikamwambia huko tumehama.

Jumapili sebule ikajaa, mandazi yapo, chai ipo, laptopu iko mezani juu ya kitambaa cheupe, na Mama Brayo ameketi karibu na mlango. Nikasimama kutoa ushuhuda. Ningeketi mapema ningeokoka, lakini nikanogewa, nikasema Bwana ametuinua, mtoto wangu sasa hatakuwa tena wa kuombaomba kwenye milango ya watu. Nilisema hivyo, wenzangu, na mwenye mlango amekaa pale na kikombe chake. Alikiweka chini polepole.

Pasta akanyoosha mkono juu ya laptopu, nami nikamwomba atuwashie mtandao wa simu yake ili Nafula afungue kwanza, watu waone mradi uliokuwa kwenye flashi yake, ndipo tuombe. Ikashika mtandao. Kukatokea maandishi. Nafula akayatazama, akanitazama.

"Soma kwa sauti," nikamwambia, "watu wasikie."

"Baba..."

"Soma!"

Akasoma, kwa sauti ya chini, kwamba kifaa hiki ni mali ya shule ya msingi fulani huko ng'ambo, ni cha wanafunzi wake tu, na atakayekiokota tafadhali akirudishe.

Pasta aliurudisha mkono wake mfukoni. Mzee mmoja wa kanisa akauliza, bila ubaya wowote, "Kwani tunaombea mali ya wenyewe?" Mtu akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi, badala ya kukubali, nikasema hiyo ni kawaida, nikaivuta laptopu na kuandika nywila yangu ya kazini, ikakataa, nikaandika tena, ikakataa, jasho linanidondoka kwenye kile kitambaa cheupe.

"Baba, wacha tu," Nafula akasema, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Hata ikifunguka, hii ni ya kufanyia kazi mtandaoni tu. Programu yangu haiingii humu. Kesho nitamwonyesha mwalimu nini?"

Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliyeinuka ni Mama Brayo. "Nafula, chukua flashi yako twende." Wakatoka. Pasta akafunga kwa sala fupi sana, na wageni wakaondoka hata mandazi hayajaisha.

Nilikaa nikiitazama ile mashine, kisha nikajikokota hadi mlango wa pili, nikabisha. Mama Brayo akafungua, akanitazama kutoka juu hadi chini. "Karibu, Baba Nafula. Hapa tumezoea kuombwa."

Nilimwomba msamaha, akanipa kiti na chai, na nikaketi pale kwake hadi binti yangu akamaliza.

Laptopu muuzaji alikataa kuipokea tena, na sasa nimeapa kwamba kitu cha mtoto kitachaguliwa na mtoto mwenyewe, hata kama ni rula. Mradi ulipita. Jumatatu jioni nilimsikia Nafula akikimbia kwenye korido, nikasimama haraka nimfungulie, lakini nyayo zikapita mlango wetu, zikaenda kubisha kwa Mama Brayo.