Pazia la Mama Mkwe

Ngwaa!

Sauti hiyo Ridhiwani anayo masikioni hadi leo: bomba la chuma, jembamba, tupu ndani, likipiga sakafu ya saruji saa saba mchana, kisha likijiviringisha polepole kuelekea miguuni pake kama kitu kinachokuja kushtaki. Alikuwa sebuleni, juu ya mkeka, tonge la ugali mkononi. Mbele yake, pale lilipokuwa pazia, palibaki uwazi wa mlango usio na mlango. Na ndani ya uwazi huo mama mkwe wake, Bi Mwanamvua, ndiyo kwanza ametoka kuoga, anabadili khanga.

Hakuona kitu. Ataapa hivyo popote. Alifumba macho, akainuka, akajigonga bega kwenye kabati, akatoka mbio na tonge lake, akaenda kuketi nyuma ya nyumba kando ya pipa la maji mpaka ugali ukamganda vidoleni.

Nyumba yenyewe waliihamia kabla haijaisha, kama wanavyohamia wengi pale Msata. Mlango wa mbele upo, nondo za madirisha zipo, milango ya ndani itakuja Mungu akipenda. Kwenye mlango wa chumba walitundika pazia la kijani lenye maua. Kwa wengine pazia ni pambo. Kwa Ridhiwani lilikuwa ukuta. Kwao Mkange, upande wa mkewe, wazee bado wanashika ya zamani. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, na akiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Kilichobaki ni salamu. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Ridhiwani alisimama upande wake wa pazia akasema, "Shikamoo, mama," na upande wa pili sauti ikajibu, "Marahaba, baba. Umeamkaje?" Basi. Siku kumi na mbili tangu mama huyo afike, mazungumzo yao yote yalikuwa hayo, na yaliwatosha.

Mwanajuma, mkewe, alimfuata nyuma ya nyumba akitembea kwa kushika ukuta.

"Baba Msabaha, mama anafunga begi."

"Anakwenda wapi?"

"Unauliza? Kesho alfajiri yumo kwenye gari ya Miono, toka hapo anatafuta bodaboda ya Mkange. Anasema hakuja kwa mkwe kuanikwa kama dagaa."

"Nilifumba macho!"

"Nimemwambia. Anasema aliyefumba macho hakimbii vile." Mwanajuma alitaka kucheka, tumbo likamzuia. Akajishika. "Nimemwomba sana. Amesema pazia likazwe leo kabla ya magharibi, alivute mwenyewe kwa mkono wake. Likikaa, naye atakaa. Likianguka, kwaheri."

Ridhiwani alimtazama mkewe midomo, ilivyokuwa bado myeupe. Wiki mbili nyuma alijifungua mtoto wa kiume, na damu ilimtoka mpaka wauguzi wakaitana. Alirudi nyumbani na sharti: asiinue hata ndoo mpaka arobaini iishe. Anayeinua ndoo ni Bi Mwanamvua. Anayemkanda kwa maji ya moto, anayepika uji wa pilipili manga, anayemwogesha mtoto, ni huyohuyo. Ridhiwani angeweza kukaa nyumbani amuuguze mkewe, au angeweza kwenda kutafuta chakula. Yote mawili kwa pamoja yalimshinda kabla hayajaanza.

Kazi yake ni kupiga debe njia panda. Anajaza magari. Sauti yake huvuka malori yanayokwenda Segera, ikamfuata abiria hadi kituo cha mafuta, ikamrudisha. Hiyo gari ya Miono ndiyo anayoijaza yeye kila alfajiri, na kwa kuwaza kwamba kesho atasimama mlangoni pake akiita "Miono, Miono, nafasi moja!" na nafasi hiyo ni ya mama mkwe, aliinuka pale penye pipa. Mdomo anao. Mikono yake inajua kupiga bodi ya gari tu. Alipokuwa mdogo kule Vigwaza, baba yake alikuwa akitengeneza kila kitu mwenyewe, lakini kila Ridhiwani aliposogea alifukuzwa: "Toka hapo, utanipotezea misumari." Akatoka. Hakuwahi kurudi.

Fundi Abdillah, anayemtegemea kwa mambo hayo, alipokea simu kwa furaha. "Niko Saadani, ndugu yangu. Tunaweka milango kwenye hoteli ya watalii. Ijumaa nipo kwako."

"Ijumaa mimi sina mkwe!"

"Basi hutahitaji pazia," Abdillah akasema, na mtandao ukakatika.

Kwa hiyo alianza kwa anachokijua. Bomba lilikuwa limeshikwa na misumari miwili ya zege aliyoipigilia mwenyewe, mmoja kila upande wa mlango, vidole viwili tu kutoka ukingoni, ingawa bomba lenyewe lilizidi hapo kwa zaidi ya shibiri kila upande. Alifikiri kosa ni ufupi. Alichukua misumari mirefu zaidi akaipigilia palepale. Wa kwanza uliingia vizuri, vizuri mno, kama unaingia kwenye andazi. Wa pili ulipoingia, kipande cha lipu kipana kama sahani kiliachana na ukuta, kikamwangukia kifuani, kikamwaga mchanga ndani ya shati. Alikumbuka siku ya kupiga lipu ile, alivyowasimamia mafundi: "Ongezeni mchanga, saruji inatosha hiyo." Sasa mchanga wake ulikuwa unamteremka mgongoni.

Alikwenda dukani kwa Shamsudin, muuza vifaa vya ujenzi.

"Niazime drili."

"Unaijua?"

"Naijua."

"Haya, mbele yake wapi?"

Ridhiwani alionyesha. Wateja wawili waliokaa juu ya mifuko ya saruji wakacheka.

"Amepata," Shamsudin akasema. "Sasa kaa nyuma yake, mpiga debe, wala usiipigie kelele, haisikii."

Kwa kiburi hakuuliza ncha iliyokuwa imefungwa humo ni ya mbao au ya ukuta. Ilikuwa ya mbao. Alipanda kwenye kiti, akaielekeza juu ya mlango, kwenye lenta, zege tupu lenye nondo ndani. Drili ikapiga ukelele uliomwamsha mtoto, ikatoa moshi, ncha ikawa buluu. Ukutani palibaki kidoa kama cha nzi. Akabonyeza kwa uzito wake wote. Umeme ukakatika. Akangoja. Ukarudi, akabonyeza, ukakatika tena.

Alifungua simu atafute video. Mzee mmoja wa Ulaya, anatabasamu, anasokomeza skrubu kwenye ukuta wake kama mtu anayechomeka kijiti kwenye mkate. Kifurushi kikaisha kabla mzee hajamaliza kutabasamu. Ridhiwani aliweka simu chini taratibu, maana angeitupa. Ilikuwa inakaribia saa kumi, ukuta una mashimo matano, na hakuna hata moja lililoshika kitu.

Ndipo sauti ikatoka chumbani, kutoka kwenye pembe asiyoweza kuiona.

"Mume wangu."

Hakuambiwa yeye. Mtoto alipewa jina la babu yake, marehemu Mzee Msabaha, na kwa utani wa bibi na mjukuu, Bi Mwanamvua alikuwa amempakata mumewe aliyerudi mdogo.

"Mume wangu Msabaha, hebu muulize baba yako anachimba nini ukutani. Mafuta ya taa?"

"Mama!" Mwanajuma akalalamika kitandani.

"Wewe nimekusemesha? Naongea na mume wangu. Mwambie baba yako, mume wangu, aache kupiga. Agonge kwa kifundo cha kidole, asikilize. Yeye si hodari wa sauti?"

Ridhiwani alibana meno. Kuchekwa na Shamsudin kuna mwisho wake. Huyu atalala naye nyumba moja. Lakini aligonga. Karibu na ukingo ukuta ulilia kama kopo.

"Umesikia, mume wangu? Hapo hakuna ukuta. Mafundi huacha nafasi ya fremu, kisha wakaiziba kwa mchanga na uongo. Ukingoni hapatundikwi kitu. Babu yako ametundika milango Mkange nzima, na mimi ndiye niliyekuwa nashika upande wa pili. Mwambie asogee."

Ridhiwani aliweka nyundo chini. Kisha, kwa haya, mwanamume mzima akiongea na kichanga asichokiona: "Mwanangu... muulize bibi. Nisogee kiasi gani?"

"Shibiri nzima. Asikilize, nitamgongea."

Na kutoka upande wa pili wa tofali ikaja: ko, ko, ko. Ngumu, fupi, haina mwangwi. Ridhiwani aliweka sikio ukutani, akasogea, akapoteza, akagonga, akajibiwa. Mahali sauti ilipokuwa nzito kuliko pote alichora alama kwa mkaa. Wakafanya hivyo hivyo upande wa kulia. Kati yao lilikuwapo tofali la inchi sita, na hapakuwa na haja ya kutazamana.

"Sasa achonge vigingi viwili vya mti mkavu. Mpini wa lile jembe lililovunjika unafaa. Atoboe kwa tindo na nyundo, hiyo haikatiki umeme. Shimo liwe refu kama kidole cha kati, na kigingi kiwe kinene kuliko shimo."

Ukisimuliwa, ni kazi ya nusu saa. Alirudi kwa Shamsudin kuazima tindo, akavumilia wateja walewale. Alijipiga kidole gumba mara mbili, ya pili ukucha ukawa zambarau. Shimo la kwanza lilikuwa pana, kigingi kikaingia chenyewe, na alipokivuta kikatoka chenyewe.

"Mume wangu, kinachoingia kwa hiari hutoka kwa hiari," sauti ikasema.

"Ameshasikia!" Ridhiwani akafoka, akasahau kumpitia mtoto. Aliona aibu mpya juu ya ile ya mchana. Akachonga kingine, kinene, na hiki alikipiga mpaka jasho likamwingia machoni. Kililia, kikagoma, kikaenda. Kisha akakitoboa kidogo katikati kwa msumari, akaingiza skrubu ndefu kwa bisibisi, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kiganja kikatoka malengelenge. Alipomaliza upande wa pili na kushuka kwenye kiti, aliona. Kushoto pameshuka kwa upana wa kidole. Pimamaji, ile rula yenye povu la maji ya kuonyesha usawa, hakuwa ameiazima. Alikwenda nje, akapiga teke ndoo, akarudi. Hapakuwa na muda wa kupandisha. Jua lilikuwa limeshafika ukutani kwa jirani.

Alining'iniza ndoo ya maji kwenye kila skrubu, moja moja, akahesabu hadi mia. Hazikutikisika. Akaweka bomba, akatandaza pazia la kijani. Pete za pazia zikateleza zote kushoto, akazirudisha kwa mkono.

"Mama Msabaha," alimwita mkewe. "Mwambie avute."

Bi Mwanamvua hakungoja kuambiwa. Nguo ilikaza ghafla, kama tanga lililoshikwa na upepo. Vumbi kidogo likadondoka. Akavuta tena, kwa mikono miwili. Bomba lilipinda katikati likanyooka. Mara ya tatu Ridhiwani alifumba macho kama alivyoyafumba mchana, akisubiri ile ngwaa.

Haikuja.

"Mume wangu," sauti ikasema, "mlango wa baba yako umepinda."

Kisha ikasikika zipu ya begi. Hakujua inafungwa au inafunguliwa. Alisimama pale na kidole chake cha zambarau, mchanga ndani ya shati, anasikiliza. Khanga ilikung'utwa. Nyingine ikakung'utwa. Msumari wa nguo nyuma ya ukuta ukalia, khanga zimerudishwa.

Alisogea hadi kwenye pazia. Salamu ya siku alikuwa ameshaitoa asubuhi, hakudaiwa nyingine. Na sauti ile inayovuka malori ilimtoka ndogo, karibu imezwe na maua ya kitambaa:

"Shikamoo, mama."