Kaseti Iliyokwama Kwenye Gari la Baba

Ndugu zangu, leo spika mpya zimenisemesha na wafu.

Nilipeleka gari la spoti la marehemu baba kwa Abdi, fundi wa redio mtaani Iftin, anifungie spika mpya. Nilitaka mlio wa kutikisa chuo kizima wakati wa kampeni yangu ya uongozi wa wanafunzi.

"Walaal, ndugu yangu, hii redio ya kaseti ni ya makumbusho," alicheka. "Nipime spika nayo, kisha niing'oe."

Akabonyeza. Kaseti iliyokwama humo miaka yote ikazunguka.

Alikuwa marehemu Ayeeyo, mama yake baba, akizungumza kutoka kijijini Kotile.

(Mnazikumbuka barua zetu za kaseti? Mtumaji hujaza upande mmoja, mpokeaji hujibu upande wa pili na kuirudisha.)

"Mwanangu, nguvu zinaniisha. Nijibu ningali hai."

Abdi akapunguza besi hadi tukasikia pumzi za Ayeeyo.

Kisha redio ikageukia upande wa pili yenyewe.

Kimya. Baba hakujibu.

Spika zilikitoa kimya kile kwa usafi wa kutisha.

"Niing'oe?" Abdi aliuliza, hacheki tena.

Mimi, msemaji wa kila jukwaa, nilitikisa kichwa tu.

Nimerudi na redio ile ile. Bado niko garini, upande mtupu unazunguka, nami namsubiri baba aanze.

Ninyi mngeing'oa?