Mwezi Niliouona Peke Yangu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Kariakoo ile ya nyumba za miti na udongo, mtoto wa kike akikaa kimya kidogo alidhaniwa mgonjwa, na akitazama juu alidhaniwa mwehu. Mimi nilikuwa mtazama juu. Nikitumwa bombani, ndoo inajaa mpaka inafurika, nami nimekodolea mawingu macho, najiuliza mbingu inagusa ardhi wapi. Nilishakata shauri kwamba inagusa Buguruni, maana upande ule niliiona imeinama. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka uani, "Wewe Bi Mawingu! Huko juu wanakupa nini?" Mtaa mzima ukalidaka jina hilo, hata muuza kahawa.

Lililonisumbua kuliko yote ni mwezi. Nikitumwa asubuhi kwa shangazi Ilala, naukuta umebaki angani, mweupe, na unanifuata. Shoga yangu Zuhura akienda Kivukoni na babake kununua samaki, naye anaapa kwamba ulikuwa naye njia nzima. Sasa mwezi mmoja utakwendaje Ilala na Kivukoni kwa mara moja? Tuligombana, siku tatu hatusemeshani. Na mwishoni, unapopotea kabisa, huwa uko wapi? Nilimwuliza baba. Akaniambia nikasome juzuu yangu.

Basi mwaka mmoja, Ramadhani ishirini na tisa. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na ndiyo mara yangu ya kwanza kufunga mwezi mzima. Gauni langu la Idi, la maua mekundu, mama alishalifungia sandukuni. Jioni mtaa wote ulitoka barabarani kutafuta mwezi, wazee na kanzu zao, watoto wamebebwa mabegani. Wingu zito lilikuwa limekaa palepale jua linapozama. Ilipoadhiniwa magharibi wote wakarudi ndani kufuturu, wakisema haya, kesho tunafunga.

Mimi nikabaki. Nisiwadanganye kwamba ni ucha Mungu. Nilikuwa natazama lile wingu linavyogeuka, mara ngamia, mara birika. Mara likapasuka. Wallahi, nikauona! Mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali. Nikatimua mbio ndani.

"Baba, mwezi umeandama! Njoo uone!"

Baba alikuwa ameshika kikombe cha uji. Hakuinuka. "Huyu naye na mawingu yake," alisema. "Wanaume wazima hawakuuona, auone yeye? Ushahidi wa mtoto haupokelewi." Wapangaji wenzetu wa nyumba ile wakacheka. Nikamvuta mama mkono, mama akasema sambusa zitaungua. Niliporudi nje peke yangu, wingu lilikuwa limeshajifunga.

Hawakuniamini, sawa. Lakini mlango ulikuwa hatua kumi! Hatua kumi tu, jamani, mtu mzima ashindwe kuinuka akatazame? Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Kesho yake tukafunga. Saa sita mchana, jua la utosi, zikaja habari kutoka Unguja kwamba mwezi umeonekana jana, leo ni Idi. Mtaa ukachafuka. Watu wanagugumia maji barazani, maana kufunga siku ya Idi ni haramu. Wanawake wanaulizana tambi ziko wapi. Swala yenyewe imeshapita wakati wake, mpaka kesho. Baba alikunywa maji amenipa mgongo. Nikazunguka, nikasimama mbele yake kusudi. Mnadhani alisema nini? "Kavae gauni lako." Basi! Mzazi wa enzi zile hakumwomba mtoto radhi, na mpaka tunamzika hakunitajia habari ile hata siku moja.

Leo Kariakoo ni maghorofa matupu, mbingu imebaki kipande chembamba katikati. Wajukuu zangu wana majibu ya dunia nzima mfukoni, kwa hiyo hawaulizi chochote. Ukimwuliza Salha, ninayekaa naye, mwezi huenda wapi ukipotea, atakujibu, "Ah bibi, si uko tu." Ramadhani iliyopita, ishirini na tisa, nilipanda juu ya ghorofa tunakoanika nguo, goti hili linauma ngazi hadi ngazi. Nikauona. Nikashuka nikihema.

"Salha, umeandama!"

Hakuinua hata uso. "Bado, bibi. Simu haijasema."

Kwanza baba, sasa simu! "Inuka," nikamwambia. "Inuka hapo ulipo, sasa hivi!" Akainuka, nadhani aliogopa ile sauti. Tukapanda naye mpaka juu, akasimama ubavuni pangu, akafuata kidole changu.

"He, bibi! Kumbe upo kweli!"

Nililia pale pale, kati ya mashuka ya watu, mtoto akinishangaa. Kumbe upo kweli. Maneno matatu tu. Baba alishindwa kunipa hayo, na mlango ulikuwa hatua kumi.