Mama Mkwe Anaamini Dawa ya Meno Ndiyo Iliyomponya Mwanangu

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Admin, nifichie jina, maana wifi zangu karibu wote wako humu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, naishi Pasiansi na mume wangu na binti yetu mmoja wa miaka mitatu, nitamwita Neema. Nina jambo linaninyima raha na sina wa kumwambia.

Mwaka jana mama mkwe alikuja kutoka Magu kukaa nasi. Ni mtu mzima, mpole, ananipenda kuliko ninavyostahili. Asubuhi moja nilikuwa nje naanika nguo, yeye yuko ndani anapika uji kwenye lile jiko letu la gesi la kuweka chini. Aligeuka kuchukua sukari tu. Neema akavuta sufuria, uji ukammwagikia mkono wa kulia.

Kilio kile siwezi kukielezea. Nilipoingia, mama alikuwa anamvua sweta kwa haraka, na sweta lilikuwa limeshagandana na mkono. Likatoka na ngozi. Nikakimbilia ndoo ya maji, akanishika.

"Usimwagie maji mtoto aliyeungua, Mama Neema. Atajaa malengelenge mwili mzima. Lete dawa ya meno."

Nikaleta. Mtu amelea watoto saba, mimi nina mmoja, ningebisha na nini? Akampaka dawa ya meno mkono mzima, juu yake akanyunyiza unga wa ngano. Mimi ndiye niliyemshikilia mwanangu. Nikasema twende hospitali, akasema tusubiri kwanza dawa ishike, hospitali watambandua kidonda kila siku. Mume wangu alikuwa safarini, kwenye simu akasema msikilize mama.

Siku ya tatu Neema akawaka homa, na mkono ukaanza kunuka. Hapo nikambeba bila kumuuliza mtu. Mama akanifuata, akakaa kwenye benchi nje ya chumba cha vidonda akisali.

Ndani, nesi alianza kuondoa ule unga. Ulikuwa umekauka kama lipu ya ukutani. Neema alilia mpaka sauti ikakatika, akawa anafungua mdomo tu bila kitu kutoka. Nesi hakunigombeza. Aliniambia taratibu, "Mama, siku nyingine ni maji ya kawaida tu. Ya bomba, yatiririke juu ya palipoungua dakika ishirini, yasiwe ya barafu. Nguo iliyogandana usiivute, kata inayozunguka. Usipake chochote. Funika na kitambaa kisafi, mlete hapohapo." Akasema kidonda kimeingia uchafu na kwenda chini zaidi, na kiwiko kinaweza kisinyooke tena.

Kweli hakinyooki. Neema anakula kwa mkono wa kushoto, na akiona mvuke anajificha nyuma yangu.

Mama mkwe hakuyasikia yale maneno, na mimi sikumwambia. Tuliporuhusiwa akawa anawasimulia majirani kwamba dawa yake ndiyo iliyomshikilia mjukuu wake mpaka tukafika hospitali. Nilikuwa nanyamaza. Lakini mpaka leo nikifungua dawa ya meno, ile harufu inanirudisha kwenye kile chumba. Sasa meno nasugulia chumvi. Kuna wakati Neema yuko nje anacheka na wenzake, mimi namsikia analia, natoka mbio, namkuta mzima anacheza mchanga.

Mwezi uliopita mtoto wa jirani alimwagikiwa chai ya moto mguuni. Wakamwita mama mkwe. Nilifika nikamkuta amechuchumaa, dawa ya meno mkononi. Nilimnyakua yule mtoto, nikampeleka bombani uani nikafungulia maji. Alilia, mama yake akanivuta gauni akisema namuulia mwanawe, sikumwachia mpaka zile dakika ishirini zikatimia. Tukamfunika mguu na khanga iliyofuliwa, wakampeleka zahanati. Baada ya wiki mbili alikuwa anakimbia.

Jioni moja baada ya hapo mama mkwe alinifuata jikoni. Akasimama mlangoni.

"Ulijua hivyo tangu lini?"

Nikamwambia, "Niliambiwa hospitali, mama."

Akauliza, kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo mkono wa Neema ni mimi?"

Ndugu zangu, nilimtazama yule mama, nikashindwa kumwambia ukweli. Nikamwambia, "Hapana mama. Ule uji ulikuwa wa moto sana. Hata maji yasingesaidia." Akashusha pumzi, akanishika bega, akasema asante mwanangu. Wiki hiyo akarudi Magu moyo wake mweupe.

Juzi wifi yangu amepiga simu kusalimia. Katikati ya maongezi akasema, "Mama huku ana kazi, ameletewa mtoto kaungua na maji ya ugali, kampaka dawa yake ile." Nikamwambia wampeleke hospitali upesi. Akacheka, akasema si wewe mwenyewe ulimwambia mama hakukosea?

Nimemweleza mume wangu, amesema nikimwambia mama yake ukweli atakufa kwa uchungu, presha yake inapanda, na yeye kama mwanawe hatanisamehe. Naye nikimtazama namwelewa. Lakini nikinyamaza, ni nani atakayemzuia? Yule mtoto wa Magu simjui jina wala sura, sijui hata kama ni wa kike au wa kiume. Ila tangu juzi namsikia yeye pia akilia.

Nyinyi mliolelewa na mama kama huyu, nyinyi mlio wakwe, niambieni bila kunionea haya. Ukweli huu nimpelekee, na nikiupeleka nianze na neno gani?