Kukagua Ndege ya Marehemu

Mjukuu wangu Neema ni rubani. Nasema wazi, maana huko kwetu Tukuyu wapo waliosema ataishia kuosha vyombo Marekani. Ila leseni yake ni ndogo, ya ndege nyepesi tu, na ndege aliyokuwa akikodi iliuzwa. Alitafuta nyingine majira yote ya baridi, akapata moja kuukuu anayoweza kuinunua. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali: ndege ikishawahi kuruhusiwa kubeba uzito uliozidi kiwango cha leseni yake, hata kwa muda mfupi, haimfai tena, hata ukiirudisha ilivyokuwa. Basi tukaenda kuikagua.

Asubuhi tulitoka Columbia Heights, tunakoishi, kwa gari lake. Nilibeba sukari. Neema akauliza ya nini. Nikamwambia anayeuza ni mjane, na mimi siendi kwa mfiwa mikono mitupu.

"Bibi, mume wake alifariki mwaka juzi."

"Mimi nafika leo."

Akakaza macho barabarani. Theluji ilikuwa imebaki kandokando tu, nyeusi kama masizi.

Ukishapita mji wa Oakdale nyumba zinapungua, mashamba yanaanza, na uwanja wa ndege uko huko. Mjane, Bi Doris, alikuwa mlangoni mwa banda la ndege, mwanamke mrefu, mnene, amevaa koti la kiume. Nilitegemea ndege kubwa. Hii bawa lake nililishika nikiwa nimesimama. Nyekundu, safi, pua imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Neema aliiendea moja kwa moja. Makaratasi aliyokuwa ametumiwa yalionyesha uzito ni sawa, na uso wake ulikuwa umeng'aa.

Nikamwita aje anitafsirie. Kwetu pole haiishi kwa neno moja. Unakaa, unamuuliza mfiwa habari za marehemu, naye anasimulia. Bi Doris aliipakata ile sukari, akalia kidogo, akatukatia mkate. Akasimulia kwamba mumewe alipenda kwenda maziwa ya kaskazini na hema na nyavu, na hakutaka kumwacha mkewe nyumbani. Akajipiga nyonga, akasema mwili huu na hema havikuingia pamoja. Kwa hiyo mzee akaomba kibali ndege ibebe zaidi, akapewa. Walisafiri hivyo miaka mingi. Alipozeeka akairudisha ilivyokuwa, ili apate mnunuzi mwenye leseni ndogo. Alidhani ameiponya.

Neema alitafsiri mpaka hapo. Mkate ukabaki mkononi mwake.

Bi Doris akauliza kitu. Nikajua anauliza kama tunaichukua.

"Mbona husemi?" nikamwuliza Neema.

"Bibi, nikimwambia sheria haisamehe kile kibali, atakosa wanunuzi."

"Na usipomwambia?"

"Atakuja mwenye leseni kama yangu, ainunue bila kujua."

"Mwambie. Umekula mkate wake."

Akamwambia, polepole, amemshika mkono. Yule mama aliinuka, akaweka kiganja kwenye bawa. Kisha akasema maneno ambayo Neema alinitafsiria kwa sauti ndogo: "Mzee hakuiharibu. Aliifanya hivyo kwa ajili yangu." Akanishika kiwiko, akanipandisha ndani ya ndege, kwenye kiti chake cha zamani, ule upande wa kulia. Nilikaa humo. Kilikuwa kimebonyea.

Jioni tulirudi. Neema alilia akiendesha, na mimi sikumnyamazisha; nami nilikuwa nimeahidiwa kuwa abiria wa kwanza. Nilidhani kukagua ndege ni kugonga bati na kutazama matairi. Kumbe inaulizwa maisha yake yote, na anayeyajua ni yule aliyekaa ndani yake.

Neema bado anatafuta. Wiki iliyopita alisikia habari ya ndege nyingine. Kabla hajaniambia iko wapi, aliniuliza kama sukari ipo.