Sweta la Kompyuta ya Maretadu

Siku yangu ya kwanza kazini nilibadilisha spika ya redio isiyo na ubovu. Nilikuwa na darasa la saba na bisibisi moja. Fundi Mkuu wa pale Mbulu mjini aliyenipokea akaniuliza, "Kwao hii redio inakaa wapi?" Nikasema sijui. "Inaning'inia juu ya mafiga. Imejaa masizi tu. Wewe kijana, kabla hujafungua kitu cha mtu, uliza kinaishije."

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi nina mikono, maswali ya nini? Na kweli mikono ilinifikisha. Kutoka redio nikaingia televisheni, kisha kompyuta, chuo sijakanyaga. Wenye vyeti walishindwa, wakaniita mimi. Kuanzia Getanuwas mpaka Yaeda Chini wananijua, nilizunguka kote kwa pikipiki.

Iliyonitoa jasho ni kompyuta ya shule moja ya sekondari kule Maretadu. Ukiandika barua, imetulia. Ukianza kuandaa picha za watahiniwa, kazi inayoisumbua prosesa, yaani ubongo wake, inajizima na kuwaka upya. Kazi yote imepotea.

"Fundi," Mkuu wa Shule aliniambia Jumatatu, "Ijumaa usajili unafungwa. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani. Hawa ni kidato cha nne, siyo kuku."

"Mkuu, lala usingizi. Umempata mwenyewe."

Nikaibeba mpaka karakana kwangu. Nikabadilisha pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani. Nikapaka dawa mpya ya kupooza prosesa. Nikaitwisha kazi nzito kutwa nzima, haikuzima hata mara moja. Jumatano nikairudisha, nikaijaribu mbele yao, safi. Sijafika mbali, simu ikaita.

"Kwako inapona, kwangu inaugua," Mkuu akasema. "Hii ni kompyuta au mtoro wa shule?"

Alhamisi nikarudi baada ya kupiga simu kwamba naja. Picha zikapita saa nzima bila tatizo. Nikajisifu kidogo, nikaondoka. Njiani nikakumbuka nimesahau mita yangu ya kupimia umeme. Nikageuza pikipiki, nikaingia ofisini hodi na mguu vikiwa pamoja.

Mashine ilikuwa imevaa sweta! Sufu nzito ya kijani, imefumwa kwa mkono, imeziba kila tundu mpaka feni ya nyuma. Nikaigusa ubavuni. Moto kama sufuria ya ugali.

"Shikamoo mama," nikamwambia Mama Neema, katibu muhtasari. "Hili vazi ni la tangu lini?"

"Marahaba. Tangu ulipokuja mara ya kwanza, mwaka jana, kutufungia mashine hii. Si wewe uliyesema vumbi ndilo adui, tuikinge?"

"Mbona sijawahi kuliona?"

"Ukisema unakuja nalivua, nalikung'uta. Nikuoneshe nguo yenye vumbi, fundi mzima?"

Nilikaa kwenye kiti. Ushauri ni wangu, heshima ni yake, na watoto wa watu walikuwa wanakaribia kukosa mtihani. Nikamweleza kwamba mashine ikichoka inatoa joto, na joto likikosa njia inajizima isiungue. Tukalivua. Feni ikavuta pumzi. Picha zikapita mfululizo, na Ijumaa kabla ya chakula cha mchana jina la mwisho liliingia. Mkuu alinishika mkono, hakuuachia. Mimi nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishikilia tangu Jumatatu.

"Nilikuambia ulale usingizi," nikamwambia.

"Leo ndiyo nitalala," akajibu.

Sasa nimeacha kazi. Sijazeeka, ni macho tu hayaoni tena nyaya ndogo. Nalima vitunguu saumu, na ninyi mafundi wapya mkija kuniuliza, nami nauliza kwanza kinaishije.

Siku naaga, Mama Neema aliniletea zawadi: sweta lile lile. Asubuhi za baridi hapa Mbulu najifunika nalo magotini. Ni zito kweli. Kwa dakika kumi tu natokwa na jasho, nalivua, napumua.